Miaka ya Kutonunua

Mume wangu alikuwa karani wa ghala la mahindi pale Majengo, na ghala lilipofungwa alirudi nyumbani mchana wa jua kali akiwa amebeba kalenda ya ukutani na kikombe chake cha chai. Alikaa kwenye kochi, akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya wenyewe. Nilimuuliza kama amekula. Akaniambia, "Wamefunga."

Nilidhani atalia. Hakulia. Kilichomuuma, nilikuja kugundua baadaye, hakikuwa kazi yenyewe. Zilikuwa salamu. Alipokuwa karani, wafanyabiashara walikuwa wakimwona wanaacha walichokuwa wakifanya: mzee, karibu mzee, kaa hapa mzee. Mwezi haukuisha tangu ghala lifungwe, akapita barabara ile ile watu wakaendelea kupima unga. Alirudi siku hiyo akasema, "Mji huu unakujua ukiwa na ufunguo mfukoni." Nilimwonea huruma sana. Ninaisema huruma hiyo mwanzoni ili mtu asije akadhani nilimchukia tangu siku ya kwanza.

Tulikuwa na kiwanja Izia, pembezoni kabisa, mahali nyumba zinapoisha na mashamba yanaanza. Nyumba ilikuwa imeezekwa lakini haijapigwa plasta, na madirisha mawili yalizibwa kwa mbao. Tukahamia hivyo hivyo, mimi, yeye na binti yetu mmoja ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita. Upepo wa Ufipa mnaujua. Mwezi wa sita na wa saba unaingia mpaka ndani ya blanketi. Binti yetu alilala na soksi na koti la shule.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia nilichorithi.

Mama yangu alikuwa mkulima wa kijiji cha Msanzi. Alinilea bila baba, na hatukuwahi kulala njaa. Alijua kila kitu ambacho ardhi ya huku inaweza kumpa mtu asiye na kitu. Alinifundisha kuchimba majani pamoja na udongo wake mvua zikiwa zinakaribia kuisha, kuyageuza na kuyalundika yawe matuta ya mviringo, ambayo kwetu tunayaita ntumba. Juu unapanda maharage. Ndani majani yanaoza taratibu. Msimu unaofuata unayasambaza matuta yale, unasia ulezi, na ulezi unatoka mweusi wa kushiba bila mfuko hata mmoja wa mbolea. Alinifundisha kukausha mboga za kunde, kuhifadhi mbegu juu ya moshi wa jiko, kutengeneza sabuni ya mafuta ya nguruwe na maji ya majivu. Mkono wake haukutupa kitu. Ganda la karanga lilikuwa na kazi, gunzi lilikuwa na kazi, maji ya kuoshea nyama yalikuwa na kazi.

Basi Izia nikalima. Mume wangu hakujua kushika jembe. Alikulia mjini, mtoto wa fundi cherehani. Nilimwonyesha. Mwaka ule wa kwanza tulilima pamoja, bega kwa bega, na jioni tulikuwa tunakaa mlangoni tunakula maharage mabichi ya kuchemsha, mikono inatuuma, tunacheka. Alikuwa akinitazama kwa mshangao. "Haya yote umeyaficha wapi miaka yote hii?" aliniuliza. Nikamwambia sikuyaficha, hakuna aliyeniuliza. Mwaka ule nauhesabu kuwa mwaka mzuri wa ndoa yangu. Sitaki kuudhulumu kwa sababu ya yaliyofuata.

Tulipovuna tulijaza vihenge viwili vya mahindi na kimoja cha ulezi. Watu wa jumuiya yetu ya kanisa wakaja kusali kwetu zamu yetu ilipofika, wakaona vihenge, wakaona kuku, nguruwe wawili, bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Mwenyekiti wa jumuiya akasema mbele za watu, "Huyu bwana amefukuzwa na ghala, akajenga ghala lake."

Watu walipiga makofi. Nilimtazama mume wangu, nikaona mabega yake yamepanda. Zile salamu zilikuwa zimerudi.

Tangu siku hiyo kutonunua kukawa sheria.

Ilianza kidogo. Alisema tusinunue mafuta ya kupikia, karanga zipo. Nikakubali. Kisha sukari, asali ipo kwa jirani tunabadilishana na mayai. Nikakubali. Kisha sabuni ya dukani, kwa kuwa mimi najua kutengeneza. Nilimwambia, "Baba, ile sabuni naijua, lakini yale maji ya majivu yanachuna mikono. Tutumie kwa nguo, ya kuogea tununue." Akasema, "Mama yako alinunua?"

Nikamjibu, "Alinunua."

Hakuamini. Lakini ndiyo ukweli, na ndio ukweli ambao hakutaka kuusikia kamwe. Mama yangu alibana matumizi ili anunue. Alikusanya kuku, akakusanya ulezi, akabana hapa, akabana pale, kisha akaenda mnadani akanunua kile ambacho hakuweza kukitengeneza, na alikinunua kizuri. Alininunulia viatu vya shule vya ngozi wakati wenzangu walikuwa wanakwenda peku. Hakuona haya kununua. Kwake, kujinyima ilikuwa njia ya kufika mahali. Mume wangu alitaka tukae njiani, na watu waje kututazama tukiwa hapo.

Na walikuja. Alikuwa ameanza kuturekodi kwa simu. Simu hiyo ilinunuliwa, na vifurushi vyake vilinunuliwa, lakini hivyo vilikuwa vya kazi. Asubuhi alisimama na simu mkononi akaniambia, "Anza kuchuma, mama, polepole kidogo. Mwanga uko vizuri." Nilichuma. Yeye alisema. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyezoea kusoma hesabu kwa sauti mbele ya wakubwa: "Ndugu zangu, hapa nyumbani kwetu hatununui kitu isipokuwa chumvi. Nimeamua kujitegemea. Nalima mwenyewe, nafuga mwenyewe." Katika video zile ilionekana mikono yangu mpaka kwenye viwiko. Dada yangu, ambaye ana genge la nyanya pale Majengo, alinionyesha moja kwenye simu yake akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mwenyewe nani?" aliniuliza. "Mbona hii mikono ina pete yako?"

Nilimrudishia simu yake. Nilikuwa na haraka, nguruwe hawajala.

Yeye kulima aliacha mwaka wa tatu. Haikuwa kwa kutangaza. Alikuwa na wageni, alikuwa na simu za kupokea, aliitwa kwenye kata nyingine kueleza. Akirudi jioni alikagua. Alifunua vyungu, alihesabu kuni, alitazama kama nimemwaga maji ya kuoshea vyombo au nimeyapeleka bustanini. Hakuwahi kunipiga. Hakunywa pombe zaidi ya kikombe cha sherehe. Wanawake wenzangu waliniambia nina bahati, mume ametulia, chakula kipo tele. Nilijua wananiambia kwa nia njema. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo kusaga ulezi kwenye jiwe, kwa sababu mashine ya kusaga nayo alikuwa ameifuta.

Jirani yetu wa upande wa shamba alikuwa mama wa Kisukuma, walihamia na ng'ombe zao miaka mingi nyuma. Alinitazama siku moja nikipepeta, akasema kwa upole, "Dada, sisi tunasaga mashineni. Ng'ombe tunao themanini, na mashineni tunakwenda." Alinimiminia maziwa kwenye kibuyu akaenda zake.

Nitasimulia sasa habari ya binti yetu, ambayo ndiyo imenifanya niandike.

Alikuwa kidato cha pili. Mtoto mrefu, mkimya, anayependa hesabu kama baba yake. Alipovunja ungo nilimfundisha nilivyofundishwa na mama, vitambaa, kuvifua na kuvianika. Lakini shule yao ilikuwa mbali, choo cha shule hakina maji, na siku zile akawa anabaki nyumbani. Kila mwezi anabaki. Mwalimu wake wa kike akanipigia simu, akaniuliza mtoto anaumwa nini. Nikaona aibu. Jumamosi nikachukua jogoo, nikampeleka sokoni kwa siri, nikanunua pakiti tatu za pedi. Nilimpa binti yangu, nikamwambia aziweke ndani ya kapu la ulezi wa mbegu, maana baba yake hakuwa mtu wa kushika mbegu.

Lakini siku moja akazishika. Wageni walikuwa wamekuja, kikundi cha wakulima kutoka upande wa Kalambo, wanaume saba na mama mmoja mtu mzima mwenye kitenge cha kijani. Mume wangu alitaka kuwaonyesha mbegu zetu. Akaingia stoo mwenyewe, akatoka na kapu, akaliweka mezani sebuleni mbele ya wote, akaingiza mkono.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la togwa.

Baba yake akaitoa pakiti. Nilidhani ataiona ni nini, ataificha haraka, ataendelea na maneno yake. Mwanaume yeyote angefanya hivyo. Yeye aliinyanyua juu. Alikuwa amekasirika, lakini palikuwa na watu, na mbele za watu yeye alikuwa mwalimu. Akasema, "Mnaona, ndugu zangu? Adui ni huyu. Kitu cha dukani kinaingia kwa mlango wa nyuma. Bibi zetu walitumia hivi? Walikufa?"

Wanaume walitazama chini. Mmoja alikohoa. Binti yangu aliweka sinia sakafuni, taratibu, hakumwaga hata tone, akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani akipita katikati ya matuta, hakufuata njia.

Yule mama wa kitenge cha kijani ndiye aliyezungumza kwanza. Hakumtazama mume wangu. Alinigeukia mimi, nikiwa nimesimama karibu na mlango wa jikoni, akaniuliza, "Mama, wewe unapumzika saa ngapi?"

Mume wangu akamjibu, "Huyu? Huyu hachoki. Amezoea."

"Nimemuuliza yeye, baba," akasema yule mama.

Nilifungua mdomo. Nikakohoa. Nilikuwa nakohoa tangu masika, kikohozi kikavu cha moshi, na siku hiyo kilinishika nikashindwa kusimama wima. Nikaenda nyuma ya nyumba nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Niliporudi walikuwa wameshatoka kwenda kuona banda la nguruwe.

Usiku huo binti yangu hakula. Wala kesho yake. Baba yake hakuomba radhi. Alisema nimemwaibisha mbele ya wageni, mimi niliyenunua. Binti yangu hakumsemesha tena baba yake isipokuwa shikamoo na ndiyo. Alianza kusoma kama mtu anayechimba tundu la kutorokea.

Dada yangu aliposikia habari hiyo alikuja Izia akiwa amepakia kwenye bodaboda jiko la gesi la mtungi mdogo. Aliliweka jikoni, akaliwasha, akanionyesha. "Kwa ajili ya kifua chako," aliniambia. Nilipikia chai mara moja. Ilichemka kabla sijamaliza kuosha vikombe. Nilikaa kwenye kigoda nikaangalia ule moto wa bluu usio na moshi, na nitasema bila aibu kwamba nililia. Jioni mume wangu akalikuta. Asubuhi akalifunga nyuma ya baiskeli, akalirudisha gengeni kwa dada yangu, mbele ya wateja wake, akamwambia, "Shemeji, tunashukuru, ila kwetu hatuombi."

Nikaendelea na magunzi na kuni mbichi za mikaratusi.

Mwaka uliofuata, mvua zikikaribia kuisha na baridi ikianza, nilianguka. Nilikuwa nageuza matuta, nikasikia upande wa kulia wa kifua kama mtu amenichoma kwa msumari, na pumzi ikagoma. Jirani yangu wa Kisukuma ndiye aliyenikuta nimelala kwenye mfereji, midomo imebadilika rangi, akamwita mwanawe aliyekuwa na mkokoteni wa ng'ombe. Nilifikishwa hospitali nikiwa nimelala juu ya magunia. Daktari, kijana mpole, alinisikiliza mgongo kwa muda mrefu, akauliza napikia nini. Nikamwambia. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akasema mapafu yangu yamechoka, nina nimonia juu ya moshi wa miaka, na nikitoka nisirudi kwenye jiko lile. Dada yangu akanichukua kwake Majengo. Nilikaa huko majuma sita.

Majuma sita nimelala kwenye chumba cha nyuma cha dada yangu, nasikia mjini watu wanauza na kununua. Binti yangu alikuwa anakuja kutoka shule kuniona, sasa yuko kidato cha tatu. Anakaa pembeni ya kitanda anafanya hesabu. Nilimuuliza nyumbani kunaendaje. Akasema, "Utaona mwenyewe." Nilimuuliza baba yake anakula nini. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya kapu, tabasamu ambalo sikulipenda. "Anakula vizuri," akasema.

Mume wangu alikuja kunitazama mara mbili. Mara ya pili aliniletea machungwa. Machungwa hayaoti Izia. Nilidhani amepewa.

Nilirudi siku ya Jumapili baada ya misa. Nilifika getini nikaona kuku wachache sana wanatembea. Banda la nguruwe lilikuwa wazi, tupu. Bustani ilikuwa imekauka mpaka mizizi, maana maji ya kuoshea vyombo hakuna aliyeyabeba. Niliingia jikoni. Palikuwa na gunia la mkaa. Palikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti, mche wa sabuni, unga wa sembe kwenye mfuko wenye picha, kiberiti, majani ya chai, sukari. Na kwenye kona, juu ya matofali mawili, jiko la gesi. Jipya. Kubwa kuliko lile la dada yangu.

Nililigusa kwa kidole. Mume wangu akaja nyuma yangu. Alikuwa na furaha kuniona, siwezi kukataa. Alikuwa amekonda kidogo.

"Umepona, mama. Tumekukumbuka."

"Hili jiko?"

"Ah," akasema, akapangusa mkono wake juu ya kifuniko. "Nilijaribu siku nne zile kuni. Siku nne tu. Macho yalivimba, kifua kikabana, nilidhani nakufa. Moshi ule unaua, mama. Sijui wewe uliwezaje."

Alilisema kwa mshangao wa kweli. Hakuwa ananidhihaki. Ningependa angekuwa ananidhihaki. Nilimtazama usoni nikitafuta kama neno lake lenyewe limemfikia, kama atasimama hapo na kuona alichokisema. Hakuona. Akaniuliza kama nitapika chai au yeye aweke maji.

Nikamwambia aweke yeye.

Jioni hiyo nilimsikia sebuleni anazungumza na simu yake, anarekodi. Alikuwa anatumia picha za zamani, za bustani ikiwa kijani. Aliwaambia watu wake kwamba mwaka huu kumekuwa na changamoto ya ukame, lakini kujitegemea ni moyo. Mvua mwaka huo zilikuwa nzuri. Jirani alivuna.

Sikugombana naye. Watu wengi huniuliza kwa nini, dada yangu akiwa wa kwanza. Nilikuwa sina pumzi ya kugombana, hilo ni jibu moja. Jingine ni kwamba nilikuwa nimeamua kitu. Msimu ulipofika nililima kipande changu, robo ya kile nilichokuwa nikilima, kilichonitosha mimi na binti. Nikiishiwa pumzi nilikaa. Mahindi nilipeleka mashineni. Sabuni nilinunua. Mahali pale mbele ya nyumba ambapo wageni walikuwa wanasimamishwa kutazama matuta, niliacha. Magugu yakaota mpaka kiunoni. Mume wangu akawa ananiuliza, "Mama, huku mbele vipi?" Namjibu, "Kuko hapo." Alidhani bado naumwa, akanivumilia.

Wageni wakaja. Safari hii walikuwa wengi, wamekuja na gari, na mtendaji wa kata akiwa pamoja nao. Mume wangu alikuwa amewaalika mwezi mzima kabla, nadhani aliamini nitakuwa nimeshasafisha. Alisimama mbele yao akaeleza kwa ile sauti yake. Wakatazama magugu. Wakatazamana. Mtendaji, mtu mwenye adabu, akasema, "Labda tumuombe mama atuonyeshe jinsi matuta yanavyotengenezwa, maana huo ndio ujuzi wenyewe tuliousikia."

Mume wangu akaniita. Nilitoka nikijifuta mikono.

"Shikamooni," nikawasalimu waliokuwa wakubwa kwangu. Wakaitikia. "Matuta mnayataka?"

"Ndiyo, mama."

"Mwalimu ndiye huyu," nikasema. "Anasema analima mwenyewe, anafuga mwenyewe. Nami nimemsikia mara nyingi. Jembe liko nyuma ya nyumba, baba. Liko palepale nilipoangukia."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu alikwenda akaleta jembe, sijui alifikiri nini, labda alidhani mikono yake inakumbuka ule mwaka wetu wa kwanza. Akachimba. Alikata majani juu juu bila udongo, akayarundika, yakaanguka. Akarundika tena. Jasho likamtoka kwenye mashavu. Mtendaji akamshika mkono taratibu akamwambia, "Inatosha, mzee. Tumeelewa." Wakaingia kwenye gari.

Nilidhani nitasikia raha. Nilikuwa nimeisubiri siku ile kwa miezi. Nilimwona mume wangu amesimama kwenye magugu na jembe mkononi, mtu wa miaka hamsini na kitu anayehema, na sikusikia chochote isipokuwa kifua changu kikibana.

"Umeniaibisha," aliniambia.

"Ndiyo," nikasema.

Alihamia chumba cha mbele. Bado yuko huko. Tuna ndoa ya kanisani, hatuna pa kwenda, na kwa kweli hakuna mwenye nguvu za kwenda. Tunasalimiana. Tunakula meza moja siku za sikukuu. Shamba kubwa analima kijana wa jirani kwa maksai, nasi tunagawana naye mavuno. Video ameacha. Mara moja moja namsikia anazisikiliza zile za zamani, sauti yake mwenyewe, ameiweka chini.

Binti yetu alifaulu, akasoma cheti cha uhasibu, na sasa anafanya kazi Mbeya, kwenye duka la vifaa vya simu. Amepanga chumba kimoja. Mwaka jana nilikwenda kumtembelea. Chumba kilikuwa safi, kitanda, kapeti, jiko la gesi la plate mbili, na karibu kila kitu ndani ya kabati kilikuwa kwenye pakiti. Maharage yake anayanunua yameshachemshwa, kwenye mfuko, kwa mama mmoja wa mtaani. Alinipokea vizuri. Aliniosha miguu kwa maji ya moto kama mama yangu alivyokuwa akimwosha bibi yangu.

Asubuhi alikwenda kazini. Mimi siwezi kukaa bure. Nilifagia, nikafua, nikaosha vyombo, ilikuwa bado saa tatu. Nje karibu na bomba nikaona ndoo ya rangi iliyotupwa. Nikaiosha, nikatoboa chini kwa msumari, nikajaza udongo mzuri kutoka ukingo wa mfereji, nikapanda mchicha. Nikaiweka mlangoni pa chumba chake, mahali jua linapofika.

Aliporudi jioni akasimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Mama, hii ni nini?"

"Mchicha. Wiki tatu tu unachuma. Hauna kazi, unamwagia maji ya vyombo."

"Mchicha unauzwa pale kona, mama. Fungu."

"Najua, mwanangu. Ni kidogo tu, kwa ajili ya—"

"Mama." Hakupandisha sauti. Aliweka mkoba chini, akachukua ndoo kwa mikono miwili, na kwa zile nguo zake za kazi akaenda nayo mpaka mferejini akaimwaga. Akagonga kitako chake mara mbili udongo utoke wote. Alirudi nayo tupu, akayatazama matundu yake, akaiacha nje.

Alikaa karibu yangu kitandani. Kwa muda alivuta uzi kwenye shuka.

"Usinielewe vibaya," alisema. "Najua yalikuwa ya bibi. Umeniambia. Lakini mimi nikiona udongo kwenye ndoo, nasikia sauti ya baba."

Nilitaka kumwambia kwamba bibi yake hakuwa hivyo. Kwamba bibi yake angemnunulia zile pakiti, na angezinunua nzuri, na angembeba kwenda shule mgongoni kama ingebidi. Nilitaka kumwambia kwamba vitu vile vilikuwa vyetu, vya wanawake wa Msanzi, kabla mtu mwingine hajavipa sauti. Nilikuwa na maneno yote. Lakini nilimtazama, msichana wa miaka ishirini na mitatu, mikono laini, kucha zimepakwa rangi, hakuna hata kovu moja la maji ya majivu, nikaona kwamba yuko salama namna anavyojua yeye kuwa salama.

"Sawa, mama," nikamwambia.

Akatoka akarudi na chipsi mayai kwenye mfuko wa karatasi, za watu wawili. Tukala, tukichovya kwenye pilipili. Chumvi ilikuwa nyingi.